Asubuhi Niliyopewa Mbele

Ijumaa hiyo saa kumi na moja jioni nilikuwa bado ofisini, nikipanga mafaili ya mwisho, ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa kepteni wa klabu yetu ya baiskeli na ulikuwa mfupi kama kawaida yake: "Kesho, Karen mpaka Kenyatta Market, uko mbele." Nilipiga ukelele. Wenzangu wawili wa masjala wakainua vichwa, mmoja akaniuliza kama hatimaye nimepandishwa cheo. Nikamwambia hili ni kubwa kuliko cheo. Aliposikia kwamba ni kuongoza watu wa baiskeli kwenye Ngong Road, barabara ambayo yeye huiogopa hata akiwa ndani ya gari, alinitazama kwa huruma akarudi kwenye faili lake.

Sikumlaumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo hata mimi ningemtazama mtu hivyo hivyo. Lakini huo mwaka ulikuwa umepita, na nilikuwa nimeungoja ujumbe huo kwa miezi minane. Usiku nililala vibaya kwa furaha. Niliamka mara mbili kwenda sebuleni kubonyeza matairi ambayo nilikuwa nimeshayajaza upepo.

Klabu yenyewe si ya wanariadha. Ni watu wa kawaida, walimu, wahasibu, mwenye saluni, daktari wa meno, na mimi wa masjala. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana kwenye kituo cha petroli kule Parklands, kumi na nne au kumi na tano hivi, tumevaa kaptula za kubana ambazo mama yangu hakubali kuziona. Kepteni wetu ni mtumishi wa serikali, mtu wa Ukambani, mrefu, mwenye sura ya kuhukumu. Kabla hatujaondoka hupita kwa kila mmoja akibonyeza breki na kutikisa usukani. Siku moja alimrudisha daktari wa meno nyumbani kwa sababu ya helmeti yenye ufa, na daktari alikwenda bila kubisha.

Mbele anakaa kepteni au yule aliyemchagua. Nyuma kabisa, kwenye nafasi tunayoiita mkia, anakaa mama mmoja wa miaka sitini na miwili, jirani yangu wa mtaa wa Satellite, mwenye nyumba za kupangisha na ulimi mkali. Kazi ya mkia ni kuhesabu watu, kubeba pampu na chubu ya akiba, na kuhakikisha hakuna anayeachwa. Ndiye aliyenileta klabu. Alinikuta nikiendesha peke yangu karibu na Riruta, nikipanda na kushuka ukingo wa barabara kama mtu aliyepotea, akaniambia, "Wewe utakufa. Kuja Jumamosi tukufunze."

Na kweli alinifunza. Miezi minane nilikaa naye kule nyuma. Alinifunza kutofinya breki ghafla, kwa sababu aliye nyuma yako hana la kufanya ila kukugonga. Alinifunza kwamba gurudumu langu lisiingie ubavuni mwa gurudumu la mwenzangu, somo nililolielewa baada ya kukaribia kumtupa mwalimu wa hesabu kwenye mtaro wa Waiyaki Way. Alinifunza kutotazama makalio ya aliye mbele yangu. "Hiyo hakuna kitu imeandikwa hapo," aliniambia. "Angalia barabara juu ya bega yake."

Na alinifunza kuita. Msafara wa baiskeli huendeshwa kwa sauti. Wa mbele akiona shimo, ananyoosha kidole chini na kuita "Shimo!" Wa pili anaita, wa tatu anaita, hadi neno linafika mkia. Likiwa tuta, ni "Tuta!" Gari likija kwa nyuma, sauti huanzia mkia kwenda mbele, na mama yetu kwa Kiswahili chake cha Kikuyu alikuwa akinguruma "Ngari nyuma!" hadi wapita njia wanaruka. Nilizipenda sauti hizo kuliko hata mwendo. Ofisini ninaweza kushinda siku nzima bila mtu kuhitaji neno langu. Barabarani, neno langu moja lilimwokoa mtu na shimo.

Ila kuna neno moja ambalo kwetu haliitwi. Njia panda au kwenye raundabauti, hakuna mtu anayeruhusiwa kusema "Wazi!" Kepteni alinieleza siku ya kwanza kabisa, akinitazama machoni kama anayesoma hati ya mashtaka. "Hapa tunaitana kwa hatari peke yake. Usalama kila mtu anajitafutia na macho yake." Sababu yake ni rahisi. Barabara iliyo wazi kwa wa kwanza si lazima iwe wazi kwa wa kumi na nne. Kati yao kuna sekunde kadhaa, na Nairobi sekunde kadhaa ni nyingi mno. Nilitikisa kichwa. Nililielewa vizuri, na ningeweza kumfundisha mtu mwingine.

Basi kupewa mbele. Huombi. Kepteni anakutazama miezi kadhaa, na siku akiona inafaa anakupa kipande cha njia. Ukiwafikisha watu wote wazima, unaingia kwenye orodha ya wanaoongoza, na safari ndefu ya Naivasha mwisho wa mwezi unakuwa miongoni mwao. Ukiharibu, unarudi mkia. Kabla yangu kulikuwa na jamaa aliyeharibu, akarudishwa, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala hakuja tena.

Niseme ukweli, niliitaka nafasi hiyo vibaya sana. Mimi ni mtoto wa nne kati ya watano, na kazi yangu ni kujua faili limekwenda wapi, yaani kufuata. Nimefuata wakubwa, nimefuata foleni, kanisani nimefuata kwaya kwa nyuma kwa sababu sauti yangu ni nzito. Nilitaka mara moja maishani mwangu nigeuze shingo nikute watu wananifuata mimi.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya baridi nzuri, ile inayokuuma masikio tu. Tuliteremka Westlands barabara ikiwa bado tupu, tukaingia Waiyaki Way, tukapanda kuelekea Kangemi na Uthiru tukihema. Huko juu akina mama walikuwa tayari wanapanga nyanya kandokando ya barabara. Mmoja alitupungia mkono na mwingine akatucheka waziwazi. Mjini Kikuyu tulisimama tukala ndizi, kisha tukashika Southern Bypass, na hapo ndipo watu wazima wote wanageuka watoto. Barabara inateremka, miti iko pembeni, upepo unakupiga kifuani na miguu haina kazi. Daktari wa meno alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nikihesabu tu kilomita zilizobaki kabla ya Karen.

Karen tulisimama kando. Kepteni akanywa maji taratibu kuliko kawaida, naamini kwa makusudi, kisha akaninyooshea kidole gumba kuelekea mbele.

"Haya. Tupeleke."

"Sasa?"

"Kwani unangoja cheti?"

Mama wa mkia alipita ubavuni mwangu akirudi nafasi yake, akanigonga helmeti kwa vidole viwili. "Pole pole, kamum. Hakuna mtu anakimbizwa," akasema. Kamum ni jina la kubembeleza ambalo huwaita wanawake wote walio wadogo kwake, hata mimi mwenye miaka arobaini na tatu.

Jamani, mbele! Sijui kwa nini hakuna mtu aliyeniambia. Kule nyuma unajificha upepo migongoni mwa watu. Mbele upepo ni wako wote, na unaupokea kwa niaba ya watu kumi na watatu. Barabara yote iko wazi machoni pako. Niliona shimo, nikanyoosha kidole, nikaita "Shimo!" na neno likatoka kinywani mwangu likapita watu wote, mmoja baada ya mwingine, hadi nikalisikia mbali kule nyuma kwa sauti ya mama. Mwili mzima ulinisisimka. Nikaita "Tuta!" Likapita. Nikapunga mkono mgongoni kuwapitisha kando ya gari lililoegeshwa, nikageuza shingo kidogo, nikaona msafara mzima unajikunja vizuri kulizunguka, kofia za kila rangi, mstari mmoja. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Dereva wa bodaboda aliyekuwa ubavuni alinitazama, akaniita mama kwa Sheng yake, "Mathee umeweza!" nami nikamwambia, "Najua!"

Najua. Ndivyo nilivyosema. Kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Tulikaribia raundabauti tukiwa na mwendo mzuri. Niliangalia kulia. Hakukuwa na kitu, kabisa, barabara tupu hadi kwenye kona. Na mdomo wangu, ambao kwa dakika ishirini ulikuwa umeita kila nilichokiona na kila nilichokiita kimetiiwa, ukafunguka wenyewe.

"Wazi!"

Nililisikia likitoka. Nililisikia pia likipokewa, maana hao wenzangu walikuwa wamezoea kupokea. "Wazi!" akasema kepteni nyuma yangu, kepteni mwenyewe. "Wazi!" "Wazi!" Likapita kwenda nyuma kwa furaha kama maneno yale mengine. Niliingia raundabauti, nikaizunguka, nikatoka upande wa pili, na hapo ndipo niliposikia breki za gari, ule mlio mrefu unaokufanya usubiri kishindo.

Kishindo hakikuja. Nilisimama, nikaitupa baiskeli kwenye nyasi, nikakimbia kurudi na viatu vyangu vya klipu za pedali vikigonga lami.

Pikapu iliyojaa kabeji ilikuwa imesimama mshazari katikati ya raundabauti, kabeji tatu zikibingirika barabarani. Hatua mbili mbele ya bampa yake mama wa mkia alikuwa chini, ubavu wa kushoto, baiskeli juu yake, gurudumu la nyuma likizunguka bado. Pikapu haikumgusa. Aliiona dakika ya mwisho, akafinya breki kwa nguvu, akaanguka. Dereva alikuwa ameshuka, mzee mwenye koti la sufu.

"Mama, umeumia? Nimekugonga? Sema ukweli!"

"Hujanigonga," mama akasema kutoka chini. "Nitoe hii chuma juu yangu."

Dereva akatugeukia sisi tuliobaki, na woga wake wote ukageuka hasira. "Nyinyi mnafuatana tu kama mbuzi! Huyu amepita, na mimi pia napita! Hakuna mtu ana macho?"

Tulimwokotea kabeji zake, tukamwomba msamaha, akaondoka akitikisa kichwa. Tukamkalisha mama kwenye ukingo wa barabara. Kiwiko kilikuwa kimechunika na damu ilimtiririka hadi kwenye kidole. Daktari wa meno alimwagia maji, akamkunjisha na kumnyoosha mkono, akasema mfupa ni mzima. Nilikuwa nimekaribia kumuua mtu aliyenifunza kuendesha, na nilikuwa nimemkaribisha kwenye hicho kifo kwa sauti ya furaha.

Kepteni akauliza, ingawa alijua, "Nani alianzisha hilo neno?"

"Mimi."

"Unajua kanuni?"

"Naijua."

"Basi imetosha. Wewe rudi mkia. Mimi nachukua mbele." Alisema bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaanza kwenda kuchukua baiskeli yangu. Machozi yalikuwa karibu, na nilishaona jinsi Jumamosi ijayo nitakavyolala hadi saa tatu na kujiambia kwamba magoti yananiuma.

"Haiya! Ngoja kwanza," mama akasema.

Alikuwa bado amekaa chini, leso ya daktari imefungwa kiwikoni. Alimtazama kepteni, si mimi.

"Mimi niko hapo nyuma miaka sita. Miaka sita, sijawahi kuvuka barabara na macho ya mtu mwingine. Hata yako. Leo nimesikia sauti ya huyu, nikasema, ah, ni huyu wangu, amesema wazi. Na sikuangalia." "Sikuangalia hata kidogo. Sasa hiyo ni makosa ya nani?"

"Yeye ndiye alisema, mama."

"Na wewe ulikuwa wa pili. Uliangalia?"

Kepteni aligeuka akaitazama raundabauti.

"Nawauliza wote," mama akasema. "Nani aliangalia? Inua mkono."

Nilimtazama daktari wa meno. Akatazama viatu vyake. Mwalimu wa hesabu alikuwa akichezea mkanda wa helmeti yake. Watu kumi na wawili walikuwa wamepita kwenye raundabauti hiyo nyuma yangu kabla ya mama, na hakuna mkono ulioinuka.

"Hata mimi sikuangalia," kepteni akasema mwishowe. Ilimtoka kwa shida. Ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, akairudia kwa kila mgeni, na neno lilipopita alilipokea na kulipitisha.

"Sawa basi. Huyu atushukishe mpaka nyama choma, Kenyatta Market," mama akasema akinyoosha mkono wake mzima ainuliwe. "Mkimrudisha nyuma leo, hatakuja tena. Namjua. Ni jirani yangu."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema sitaki mbele, sitaki tena, mpe mtu mwingine. Lakini alikuwa ameshapanda baiskeli, damu na yote, na mtu wa miaka sitini na miwili akishapanda baiskeli na kiwiko kimechunika, wewe mwenye mifupa yako yote utasema nini?

"Naivasha tutaona," kepteni akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo tufike kwanza."

Nikarudi mbele. Niliita shimo, niliita tuta, sauti ikiwa imekauka, na bado kila mara neno lilipopita nyuma yangu moyo ulinidunda, kwa woga safari hii, na pia, siwezi kudanganya, kwa furaha ile ile. Walikuwa bado wanaitikia. Baada ya yote hayo walikuwa bado wananifuata.

Raundabauti iliyofuata ilitokea baada ya kona. Niliinua mkono juu nikapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Nikaangalia kulia. Lori la mchanga lilikuwa linakuja, nikalingoja. Likapita. Barabara ikawa tupu kabisa, na ulimi uliniwasha, nakwambia, uliniwasha kama upele. Nikaufunga mdomo nikavuka.

Upande wa pili nikasimama kando, nikageuka. Kepteni alikuwa kwenye ukingo, shingo imegeuka kulia. Akavuka. Daktari wa meno naye, shingo kulia, akangoja gari dogo, akavuka. Walikuja hivyo mmoja mmoja, kila mtu na shingo yake, polepole kuliko tulivyowahi kuvuka barabara yoyote, na matatu iliyokuwa nyuma yao ikapiga honi hadi ikachoka. Wakasimama kando yangu, mmoja baada ya mwingine, hadi tukawa kumi na watatu, sote tukimtazama aliyebaki.

Mama alifika ukingoni, akafinya breki, akashusha mguu chini. Kutoka pale nilipokuwa niliona barabara yake yote. Ilikuwa tupu. Kepteni aliiona pia, na daktari wa meno, na midomo yetu ilikuwa imejaa neno moja. Tukamngoja. Aliangalia kulia muda mrefu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, kisha akapandisha mguu kwenye pedali na kuja.